Aneth Anakandika Nyumba ya Mama Parsimei

Kwa Mzee Petro,
S.L.P. 14,
Mikumi, Kilosa.
28 Novemba, 1993.

Mpendwa dada Costancia,

Shikamoo dada. Ukishaipokea hiyo, chukua nyingine umpe shemeji, na nyingine umpelekee mama mkwe wako. Kifua chake kimetulia? Na watoto, surua imewaachia? Huku baba na mama wanakula, wanalala, na wanagombana kidogo kuhusu kuku wanaotagia kwa jirani, kwa hiyo wewe jua kwamba ni wazima. Mimi pia sijambo.

Barua yako ya mwezi wa tisa tuliipata kwa yule ndugu wa reli, pamoja na mawese. Mama ameyaficha uvunguni, anasema ni ya wageni, lakini jioni nasikia harufu yake kwenye mboga na wageni hawapo. Asante sana.

Mvua za kwanza zimeshanyesha. Cherehani yangu bado iko barazani, ila siku hizi hakuna anayeshona nguo mpya. Mitumba imejaa kila mahali, kwa hiyo kazi yangu ni kupunguza viuno vya suruali za Wazungu wanene. Ndiyo soko huria lenyewe hilo.

Sasa nije kwa Aneth. Uliuliza na nimechelewa kukujibu. Dada, siyo uvivu. Nimeanza barua hii zaidi ya mara moja nikaiacha. Nikiandika kwamba mdogo wetu amepona, nitakuwa nimekudanganya. Nikiandika kwamba hajapona, nitakuwa nimekudanganya pia. Basi nitakueleza yote kama yalivyotokea, na wewe uliye mkubwa uamue ni lipi.

Ile simu tuliyokupigia posta ilikuwa na maneno machache, na najua hukuelewa vizuri. Ilikuwa hivi. Tangu mabasi ya watu binafsi yawe mengi, barabarani pale kuna biashara kubwa kuliko sokoni. Aneth alikuwa akiuza vitunguu vya Malolo, na pembeni yake alikaa Resiato, binti wa wafugaji, akiuza maziwa. Resiato alikuwa amefiwa na mume akarudi kwa mama yake. Walipendana sana wale wawili. Kila mmoja aliijua lugha ya mwenzake kidogo tu, lakini walicheka kutwa nzima, sijui walikuwa wanacheka nini.

Siku ile basi lilisimama. Aneth alimpa Resiato mtoto wake ampakate, yaani Lusekelo wetu, akachukua beseni la vitunguu akakimbilia madirishani kama wenzake. Hapo likaja lori kutoka upande wa Iringa, breki hazishiki. Dereva alilikwepa basi akaacha barabara, akaelekea pale wanapokaa wauzaji. Resiato hakuwa na nafasi ya kuinuka. Alimrusha mtoto nyuma, juu ya magunia ya vitunguu. Mtoto alipata mchubuko shavuni tu. Resiato alikufa palepale, na Aneth aliona kila kitu akiwa na beseni kichwani.

Hakulia, dada. Wala siku ya mazishi hakulia. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akaketi, na mkono wake wa kulia ukawa umekunjwa ngumi. Tulidhani ameshika kitu. Tuliufungua kwa nguvu, ndani hamna kitu, tukiuachia unajikunja tena. Siku moja aliipua sufuria ya uji bila kitambaa, akasimama nayo mkononi, na mama ndiye aliyepiga kelele. Kiganja kilitoka malengelenge na yeye akakitazama kama cha mtu mwingine. Chakula alikula akilishwa. Lori likifunga breki kule barabarani, anaingia chini ya meza.

Lakini kubwa zaidi ni mtoto. Hakutaka kumshika. Lusekelo akilia, Aneth anatoka nje. Maziwa yakamkauka. Bahati nzuri mtoto alikuwa ameshazoea uji, kwa hiyo mama akamchukua.

Tulimpeleka zahanati, wakampima kila mahali, wakasema mwili hauna tatizo, wakampa vidonge vya usingizi. Alilala, akaamka vilevile. Katekista Oswald, si shemeji Oswald mume wa Aneth, nakuonya usichanganye kwani huku tunao wawili, alikuja kusali nasi kila Jumapili jioni. Baba alikwenda hadi Mamboya kutafuta dawa ya miti. Sisemi kwamba hivyo vyote havikusaidia. Huenda vilisaidia mahali nisipopaona.

Ndipo shemeji Oswald akatuma ujumbe kutoka Dar es Salaam. Alisema mama yake aliyeko Ifakara yuko tayari kumlea mjukuu, na mvua zikianza yeye Oswald atakuja kumchukua, kwa kuwa mtoto hawezi kukaa na mama anayemkimbia. Baba alikasirika. Lakini kweli ungejibu nini?

Basi asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani, nikamwona mama yake Resiato anakuja. Jina lake ni Namayiana, ila sisi tunamwita Mama Parsimei, kwa jina la kijana wake mkubwa ambaye ndiye aliyefuatana naye.  Nilijua amekuja kutudai binti yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita moja kwa moja hadi alipokaa Aneth.  Alimtazama muda mrefu, akaichukua ile ngumi, akaitemea mate kidogo. Mama yetu alishtuka akataka kuja mbele. Parsimei, ambaye amesoma Kiswahili shuleni, akasema taratibu, "Anambariki, mama. Kwetu ni baraka."

Kisha Mama Parsimei akamshika Aneth mkono akaondoka naye. Na Aneth akainuka akamfuata. Sisi tulikuwa tunamsukuma hata kwenda kuoga, dada. Nikaiacha suruali ya watu kwenye cherehani nikawafuata nyuma.

Bomani kwao kulikuwa na nyumba haijaisha. Fito zimesimamishwa, zimefungwa, lakini hazijakandikwa. Unajua kwao nyumba ni kazi ya wanawake. Walikuwa wameianza mama na binti, na baada ya msiba hakuna aliyeigusa. Nikasema, "Kumbe Resiato ndiye aliyezifunga hizi fito." Parsimei akanisogelea akaniambia, "Dada, tafadhali, usilitaje hilo jina hapa. Sisi aliyekwenda hatumtaji." Nilitaka kujificha. Tangu siku hiyo kule bomani nasema "yule".

Wanawake walikuwa wameshachanganya udongo, majivu na mavi ya ng'ombe mabichi, wanakanyaga kwa miguu huku wakiimba polepole. Mama Parsimei alimvua Aneth kandambili akamsimamisha katikati. Aneth alisimama tu. Wale wengine wakaendelea kukanyaga, yule akiinua mguu na huyu anainua, mpaka nikaona na wa kwetu anainua. Baadaye akamwongoza kwenye fito, akaichukua ile ngumi, akaisukuma ndani ya tope la uvuguvugu. Lakini ngumi haiwezi kukandika. Unasukuma na udongo unaanguka. Aneth akajaribu, ukaanguka. Akajaribu tena. Sikuona vidole vilifunguka saa ngapi. Nilikuwa namtazama usoni, na nilipoteremsha macho nikaona kiganja kimenyooka kinasiriba.

Nikadhani mambo yameisha. Tulipofika nyumbani akatapika, akalala bila kunawa, na ngumi ikarudi. Mama akaninunia. Alisema, "Mwanangu mgonjwa unampeleka kushika mavi ya ng'ombe, Filomena?" Hata mimi nilijiuliza hivyohivyo.

Lakini kulipokucha nikamkuta Aneth amesimama mlangoni, peku, anatazama upande wa bomani. Basi tukaenda. Na siku iliyofuata tukaenda.

Usidhani ilikuwa safari iliyonyooka. Siku moja tukiwa kazini, lori likafunga breki kule barabarani, sauti ikaja na upepo. Aneth alijirusha ukutani kwa kichwa na mabega, sehemu ya ukuta mbichi ikaporomoka yote. Mimi nilianza kumwita jina kwa sauti. Mama Parsimei akaninyamazisha kwa mkono. Alimlaza kifudifudi, kifua chake juu ya ardhi, akaketi karibu naye, akaweka kiganja mgongoni, akaanza kunung'unika wimbo usio na maneno. Pumzi ya Aneth ilikuwa ya mtu aliyefukuzwa. Yule mama naye akawa anahema kwa nguvu, halafu polepole, halafu polepole zaidi, na nikasikia Aneth anamfuata. Alipotulia waliinuka wakaanza kukandika upya pale palipobomoka. Hakuna aliyemlaumu.

Halafu ng'ombe wakaingia bustanini kwa baba, kule mtoni, wakala nyanya zote. Hawakuwa ng'ombe wa Mama Parsimei, lakini baba hakutaka kusikia ng'ombe ni wa nani. Unamjua. Tangu shamba la mkonge lilipofungwa, bustani ile ndiyo kazi yake, ndiyo heshima yake. Alirudi na mche mmoja mkononi, umetafunwa, akauweka mezani. Akasema, "Aneth haendi tena. Siwezi kumtoa mwanangu akawajengee watu wanaonilia jasho langu." Na mimi, dada, sikumwona mkosaji. Nilizipalilia nyanya zile pamoja naye. Pia wazee wa wakulima walishaanza kuitana mikutano, na majirani walikuwa wananiuliza kwa nini tunashinda kwa wafugaji.

Aneth hakubisha. Alikaa pale pake pa zamani, na hadi adhuhuri mkono ulikuwa umejikunja tena. Baba alikuwa anakula ugali mbele yake. Akautazama ule mkono, akaacha kula, akanawa.  Asubuhi nikasikia anamwambia Aneth, "Vaa viatu, umande mwingi." Akampeleka mwenyewe hadi kwenye kijito. Hakuvuka, lakini alisimama mpaka nilipomwona Mama Parsimei anakuja kumpokea upande wa pili. Walipungiana mikono kwa mbali, watu wawili wasioelewana lugha wala mambo ya nyanya.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichanganya kuliko yote.

Siku moja mama alikuwa na homa, kwa hiyo nilimbeba Lusekelo nikaenda naye bomani. Nilikaa naye mbali, kwa kuogopa. Mama Parsimei alituona. Alikuja, akanichukulia mtoto mikononi bila kuniuliza, akaenda nyuma ya Aneth aliyekuwa ameinama anasiriba, akamweka mgongoni, akamfunga kwa shuka lake haraka, kama mtu anayefunga kuni. Halafu akarudi kwenye upande wake wa ukuta akaendelea na kazi.

Aneth akaganda. Viganja vyote viwili viko ukutani, hageuki.  Niliinuka nikamtoe mtoto kabla hajaangushwa, nikaishia hatua mbili. Lusekelo alikuwa anavuta nywele za mama yake, kisha akaanza kulia kidogo, kile kilio cha usingizi. Na mwili wa Aneth ukaanza kuyumba. Kushoto, kulia, polepole, kama tunavyofanya sote tukiwa na mtoto mgongoni hata bila kujua. Naapa dada, usoni alikuwa bado hayupo. Ni mgongo ulioanza, ni nyonga zilizoanza, yeye mwenyewe akafuata baadaye. Mtoto akalala. Aneth akaweka paji la uso kwenye ukuta mbichi akalia, mara ya kwanza tangu siku ile. Alilia mpaka jua likasogea. Huku analia anayumba, na hakuna aliyemnyamazisha, hata mimi.

Baadaye nikamfuata Mama Parsimei, Parsimei akatafsiri. Nilimuuliza kwa nini anatufanyia hivi, wakati yule alikufa akiwa amempakata mtoto wetu. Angekuwa hana mtoto mapajani, huenda angeruka.

Yule mama alikwangua udongo kwenye kucha. Kisha akasema maneno machache kwa lugha yao.

"Anasema yule alimrusha mtoto ili aishi," Parsimei aliniambia. "Sasa ikiwa mtoto ana mama na mama hawezi kumshika, basi yule aliacha kazi nusu. Anasema yeye hapendi kazi yake iachwe nusu."

"Kazi ya nani? Ya yule, au yake yeye?"

Parsimei hakumuuliza. Alisema, "Dada, hata mimi sijui." Na mama yake alikuwa ameshainuka kwenda kukamua.

Nimelala na maneno hayo mpaka leo. Sijui kama ni huruma, au ni hasira aliyoamua kuitumia, au ni uchungu wake mwenyewe alikuwa anaukanyaga kwenye lile tope na Aneth alikuwa mtu wa kukanyaga naye tu. Nami nashangaa: vidonge, sala, dawa za miti, maneno yangu yote mazuri, vilikwenda wapi, ikiwa kilichomfikia ni tope na wimbo usio na maneno? Katekista anasema Mungu alimuumba mtu kwa udongo, basi nisishangae. Lakini nashangaa.

Shemeji Oswald alifika Ijumaa iliyopita pamoja na kaka yake mkubwa. Tulikaa wote barazani tunasubiri, baba amevaa koti lake. Aneth akatokea njia ya kijitoni, mtoto mgongoni, mikono myeupe kwa udongo mkavu hadi kwenye viwiko. Alimwamkia shemeji yake mkubwa kwa kupiga goti. Yule kaka akaanza hotuba yake kwamba wamekuja kwa nia njema kumpunguzia mzigo. Aneth akamsikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, naomba tuongee polepole. Amelala."

Yule kaka akaiacha hotuba yake. Oswald akainuka akaenda mpaka jikoni, akakaa huko muda, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mtoto hakwenda Ifakara. Kaka yake ameondoka, Oswald amebaki mpaka Krismasi. Anasema atatafuta biashara hapahapa. Tutaona.

Na nyumba imeisha. Mvua kubwa ya juzi haikuingiza hata tone, Mama Parsimei alinionyesha kwa furaha. Sasa naogopa jambo jingine: kazi imekwisha, Aneth atakwenda kufanya nini na mikono ile? Jana nilimwona anatazama jiko letu lililopasuka.

Kwa hiyo dada, amepona? Barabarani hajakanyaga. Lori likifunga breki bado anajikunja, ila anaweka viganja chini na kuhema hadi inapita. Mtoto anambeba mgongoni, lakini kumpakata mbele, wakatazamana uso kwa uso, bado. Usiku mwingine tunamsikia anaongea na mtu. Nawe ukiwa na nafasi panda treni uje umwone, kwa sababu mimi nimemtazama mpaka macho yamechoka na sijui ninachokiona.

Nisalimie shemeji, Filbert na wadogo zake, na yule jirani yako Mama Naishorua anayeniletea salamu kila mara. Baba anasema mjihadhari na ziwa la huko kwenu, watoto wasioge peke yao. Mama anauliza kama mawese yamebaki. Mungu aliyemwinua Lusekelo kutoka kwenye magunia awakumbatie na ninyi nyote.

Kabla sijafunga barua nilimwita Aneth nikamuuliza nimwambie nini dada Costancia. Alifikiri sana, akavua kandambili, akasugua nyayo zake kwa mikono yote miwili. Akasema, "Mwambie miguu inaniuma." Basi nimekuambia. Miezi yote hii hakuna kilichomuuma, na sasa sijui nishukuru au nimtafutie dawa.

Mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua,
Filomena